Kushoto au kulia? Kuchagua dirisha la ndege kwa safari ndefu kutoka Entebbe

Abiria wa basi la asubuhi kutoka Kampala kwenda Gulu hafundishwi pa kukaa. Barabara inaelekea kaskazini, jua linatoka mashariki, basi viti vya kulia vitachomwa mpaka Karuma na vya kushoto vitabaki na ubaridi wake. Aliyechelewa utamjua kwa leso aliyoibana kwenye kioo. Mtu huyohuyo akienda kwa wakala wa tiketi kukata safari ya saa tano au nane angani, atasema tu, "Nipatie dirisha." La upande gani? Wakala haulizi, naye hasemi, na kompyuta inampa lolote lililobaki.

Wapo wanaojali, lakini hujali nusunusu. Mfanyabiashara wa Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, anayefuata mzigo Dubai anataka kulala, kwa hiyo anataka kivuli. Kijana anayekwenda kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni, kwa mara ya kwanza anataka kuona dunia, kwa hiyo yuko tayari kuchomwa. Wote wawili wanaamini kwamba lazima mtu achague kimoja, ama kivuli ama mandhari. Mimi naona vitu hivi mara nyingi hukaa upande mmoja wa ndege, na mwenye kujua hesabu ndogo ya jua atavipata vyote kwa nauli ileile.

Jua liko wapi, na liko juu kiasi gani

Tumalize kwanza suala la herufi, maana ni jepesi. Kiti A kiko kushoto kabisa, ukiwa umeutazama upande wa rubani. Herufi ya kulia kabisa inategemea upana wa ndege: kwenye Boeing 737 na Airbus A320 ni F, kwenye ndege pana za safari ndefu huwa ni K, pengine J au L. Herufi I huachwa kwa sababu inafanana na tarakimu 1. Basi.

Upande wa jua huamuliwa na mambo matatu: ndege inaelekea wapi, ni saa ngapi, na ni mwezi gani. Weka kidole Entebbe kwenye ramani, vuta mstari hadi unakokwenda, kisha simama ukiwa umeelekea huko. Asubuhi nyoosha mkono mashariki, alasiri unyooshe magharibi. Mkono ukiangukia kulia kwako, jua litakuwa kulia mwa ndege. Kwa safari za Uarabuni, Afrika Kusini na kwa majirani zetu, mstari ulionyooka kwenye ramani ya kawaida unatosha. Kwa safari za mbali kaskazini hautoshi, kwa kuwa Dunia ni mviringo na njia fupi hujipinda kuelekea ncha ya kaskazini. Ndege ya Amsterdam kwenda Los Angeles hupita juu ya Greenland, jambo ambalo ramani ya ukutani haikuonyeshi.

Mwezi ndio unaowachanganya hata wajuzi. Ushauri mwingi wa safari umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Utasoma kwamba ukiruka kwenda magharibi jua liko kushoto, na ukienda mashariki liko kulia. Kwao ni kweli. Kwetu ni kweli kwa nusu ya mwaka tu. Entebbe iko kilomita chache kaskazini ya Ikweta. Karibu na tarehe 20 Machi, na tena tarehe 22 au 23 Septemba, jua la adhuhuri hupita utosini. Pale Kayabwe, kwenye alama ya Ikweta ya barabara ya Masaka, anayepiga picha siku hizo akisimama wima kivuli chake hujikusanya miguuni. Mwezi Juni jua hilo limesogea kaskazini nyuzi 23 na kitu, mwezi Desemba limesogea kusini kiasi hichohicho. Ndege ya Nairobi inaelekea mashariki. Ikiruka adhuhuri ya Juni jua liko kushoto. Ikiruka adhuhuri ya Desemba liko kulia. Namba ya ndege ni ileile, saa ni ileile, kiti ni kilekile.

Lakini jambo hilo nalo lisikusumbue mno, kwa sababu kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau: jua liko juu kiasi gani. Uganda jua hufika kileleni karibu saa saba kasorobo mchana, na hata mwezi Juni linakuwa nyuzi 66 juu ya upeo wa macho. Dirisha la ndege limesimama wima. Jua la juu namna hiyo linaishia kwenye paja la mtu wa dirishani, halimfikii usoni, wala halimgusi jirani yake. Jua linaloudhi ni lile la chini, tangu linapochomoza hadi kama saa nne asubuhi, na tena kuanzia saa kumi alasiri hadi linapozama. Saa hizo, kwetu, jua liko upande wa mashariki au wa magharibi mwezi wowote ule, na hesabu inarudi kuwa ya basi la Gulu.

Ukifika Ulaya mambo yanageuka. London mwezi Desemba, adhuhuri, jua liko nyuzi 15 tu juu ya upeo. Linaingia dirishani bila kizuizi kutwa nzima, na aliyekaa upande wa kusini hana pa kukimbilia. Ndiyo maana wenzetu wa huko wanalichukulia suala la kusini na kaskazini kwa uzito ambao sisi hatuuhitaji mpaka tunapounganisha ndege.

Kwa nini upande wa kivuli unaona vizuri zaidi

Dirisha la abiria halikutengenezwa kwa kioo. Ni tabaka za plastiki ngumu ya akriliki. Ile ya nje ndiyo inayobeba mkandamizo wa hewa, na ile ya ndani kabisa, unayoegemeza paji la uso, imebeba mikwaruzo ya pete, saa na vidole vya watoto ya miaka mingi. Ukiinama utaona kitundu kidogo kwenye tabaka ya kati, karibu na ukingo wa chini. Kazi yake ni kusawazisha hewa kati ya tabaka na kupunguza unyevu. Baada ya saa moja hivi angani, chembe za barafu hujipanga kukizunguka, maana huko nje baridi imeshapita nyuzi 50 chini ya sifuri.

Sasa jua likiipiga plastiki hiyo kutoka mbele yako, kila mkwaruzo unawaka na kila chembe ya barafu inang'aa. Chini yake kuna kilomita kumi za hewa yenye vumbi, moshi na unyevu, nayo inamulikwa vilevile. Umelipia mandhari na unachotazama ni weupe. Upande wa pili jua liko mgongoni mwako. Linamulika kilekile unachokitazama, na mikwaruzo haionekani. Wekundu wa udongo unabaki mwekundu, kijani cha mafunjo kinabaki kijani, na mabonde hupata vivuli vifupi vinavyoonyesha umbo la nchi. Mpiga picha yeyote wa harusi anaijua kanuni hii, hamweki bibi harusi mbele ya dirisha lenye jua.

Upande wa kivuli una zawadi nyingine ambayo walio kwenye jua hawaioni kamwe. Ndege ikipita juu ya mawingu, tafuta mahali kivuli chake kinapoangukia, yaani upande ulio kinyume kabisa na jua. Utaona duara la rangi, jekundu kwa nje na la samawati kwa ndani, pengine maduara mawili au matatu, yakitembea juu ya mawingu pamoja na ndege. Hutokana na matone madogo ya maji kuurudisha mwanga ulikotoka. Ndege ikiwa karibu na mawingu, wakati wa kupanda au kushuka, kivuli chake huonekana waziwazi katikati ya rangi hizo, na hapo tazama vizuri: kitovu cha duara kiko pale ulipokaa wewe. Aliye mkiani ataliona duara limeuzunguka mkia, na aliye mbele ataliona limezunguka pua. Kila abiria ana lake.

Jioni kuna jingine. Watu wote hugeukia machweo, lakini upande wa pili, dakika chache baada ya jua kuzama, huinuka utepe wa buluu iliyokolea kutoka kwenye upeo wa macho, na juu yake utepe wa waridi. Ule wa buluu ni kivuli cha Dunia yenyewe kikiangukia hewa. Kutoka mita 11,000 upeo wako wa macho uko mbali, kama kilomita 370, kwa hiyo utepe huo ni mpana na safi kuliko utakaouona ukiwa kilimani Kololo, Kampala. Kwa sababu hiyohiyo ya kimo, mtu aliye angani karibu na Ikweta huendelea kuliona jua kwa takriban dakika 13 baada ya kuzama kwa aliye chini yake.

Nakubali yapo mambo mawili yanayouvunja utaratibu huu. La kwanza ni machweo na macheo yenyewe. Anayeyataka akae kwenye jua, hana njia nyingine. La pili ni maji. Mto au kinamasi kikiwa kati yako na jua la chini, maji hung'aa kama bati jipya, na vijito ambavyo vingejificha kwenye majani hujitokeza vyote. Anayepita juu ya Sudd, Sudan Kusini, ambako Mto Nile hujitawanya kwenye mafunjo yasiyoisha, ataelewa mchoro wa kinamasi kile vizuri zaidi akiwa upande wa jua.

Njia zinazoanzia Entebbe

Tuanze na Dubai, maana ndiko wengi wanakokwenda. Ndege inaelekea kaskazini mashariki. Upande wa kushoto unatazama kaskazini magharibi, wa kulia unatazama kusini mashariki. Ukiondoka alasiri, jua liko kushoto, tena nyuma kidogo. Kulia kuna kivuli, na huko kulia ndiko kuna kila kitu: Jinja na mahali Nile inapotoka ziwani, kisha Mlima Elgon wenye mita 4,321, kisha, kama dakika arobaini na tano baada ya kuruka, Ziwa Turkana. Jua la alasiri linakuwa mgongoni mwako na linaangukia maji yale ya kijani na nchi kavu inayoyazunguka. Kushoto utapata Ziwa Kyoga, ambalo kwa jua la alasiri huonekana kama mng'ao mtupu. Mtu akiniuliza kiti cha ndege ya alasiri ya Dubai, simwachi hata amalize swali: K.

Kurudi ndiko kunakoleta ubishi. Ndege inayotoka Dubai asubuhi inaelekea kusini magharibi, kwa hiyo Turkana na Elgon sasa viko kushoto, na jua la asubuhi nalo liko kushoto. Hapa kivuli na mandhari vinaonekana kuachana. Lakini kumbuka kimo cha jua. Utachomwa saa mbili tatu za mwanzo juu ya Arabuni na Bahari ya Shamu. Ukifika Turkana ni mchana, jua liko karibu utosini, na dirisha la kushoto halina tena taabu. Kwa hiyo hata kurudi ningekaa upande uleule wa milima, yaani A, na kushusha kipazia hadi Ethiopia. Anayetaka usingizi peke yake achukue K.

Addis Ababa ni njia karibu ileile kwa sehemu ya kwanza, na jibu ni lilelile: mchana kwenda, kulia. Jeddah, kwa mahujaji, iko kaskazini zaidi, na hesabu yake ni nyepesi kabisa: asubuhi jua kulia, alasiri kushoto.

Johannesburg ni karibu kusini kabisa, na safari ya asubuhi ni mojawapo ya zile ambazo kiti kimoja kinatoa kila kitu. Jua liko kushoto, mashariki. Kulia, magharibi, kuna Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachozidi mita 1,400. Mwanzoni liko mbali, utepe tu kwenye upeo, lakini njia ya ndege na ziwa vinazidi kukaribiana hadi ncha yake ya kusini, mpakani na Zambia. Mwanga wa asubuhi unakuwa nyuma yako na unazipiga kingo za bonde lile moja kwa moja. Kati ya Juni na Septemba usitarajie makubwa, kwani moshi wa nyika zinazochomwa huziba sana sehemu za Tanzania magharibi na Zambia. Ukiruka alasiri jua litakuwa upande uleule wa ziwa, na hapo chagua unachokitaka zaidi.

Dar es Salaam si safari ndefu, lakini wengi hupitia huko, na Kilimanjaro ni Kilimanjaro. Ndege inaelekea kusini mashariki, mlima unabaki kushoto, umbali wa kilomita mia na zaidi. Asubuhi na mapema jua liko kushoto pia, mbele kidogo, na mlima utakuwa kivuli cheusi juu ya mawingu. Alasiri theluji yake inamulikwa vizuri, endapo mawingu hayajapanda kuufunika, na alasiri kwa kawaida huwa yamepanda. Hapo hakuna kanuni ya jua itakayokusaidia.

Ndege za Ulaya, yaani Brussels, Amsterdam, London, nyingi huondoka Entebbe usiku. Kivuli kwa saa sita za mwanzo ni cha bure pande zote. Kinachobaki kuchagua ni asubuhi. Ndege inakwenda kaskazini magharibi, kwa hiyo jua litachomozea kulia, na kama safari inafika kumepambazuka, kulia kutakuwa na watu wanaoshusha vipazia huku kushoto wenye macho wakitazama Milima ya Alps ikiguswa na mwanga wa kwanza. Mwezi mpevu nao una upande wake, na huu ni mchezo wangu binafsi: mwezi ukiwa mpevu huwa kinyume na jua, kwa hiyo huchomoza jua linapozama, usiku wa manane uko juu, na alfajiri unazama magharibi. Ndege ya usiku ikiwa juu ya Sahara saa hizo za alfajiri, mwezi uko kushoto, na mchanga unaonekana.

Njia hizi za kaskazini si za kudumu. Tangu vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, ndege nyingi zimekuwa zikiikwepa anga ya nchi hiyo, nyingine zikizungukia magharibi kupitia Chad, nyingine mashariki upande wa Bahari ya Shamu. Nile ya Khartoum, pale mito miwili inapokutana, ilikuwa miongoni mwa vitu vya kutazamia kwenye ndege za mchana, na kwa wasafiri wengi haiko tena njiani. Kabla ya kuchagua, fungua Flightradar24, tovuti inayoonyesha njia za ndege, na uangalie ndege yako ilipita wapi jana na juzi. Hilo ni bora kuliko ramani yoyote iliyo kwenye gazeti la mfuko wa kiti.

Ukiunganisha ndege

Dunia hujizungusha kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa kwenye Ikweta. Kadiri unavyokwenda kaskazini duara linapungua na kasi inapungua nalo. Kwenye latitudo ya nyuzi 60 ni nusu yake, kilomita 835. Ndege kubwa ya abiria hukimbia kama kilomita 900. Maana yake ni kwamba juu ya Atlantiki ya kaskazini ndege inayokwenda magharibi inakaribia kulifukuza jua sawasawa. Ukitoka Amsterdam mchana kwenda Marekani, jua hukaa kushoto, upande wa kusini, na linaendelea kukaa huko saa saba au nane kana kwamba limetundikwa. Kosea upande kwenye safari ya Gulu na utaumia asubuhi moja. Kosea hapa na utaumia safari nzima. Kulia ni kivuli cha kutwa, na kwa wanaokwenda pwani ya magharibi ya Marekani, kulia ndiko Greenland inakoonekana kwa mwanga mzuri, barafu, miamba na vyote.

Kurudi kutoka Marekani ni usiku, na usiku wenyewe ni mfupi kwa kuwa mnakwenda kukutana na jua. Wakati wa baridi jua huchomozea mbele kulia. Wakati wa kiangazi chao, Juni na Julai, huchomozea kaskazini mashariki, yaani kushoto, na kwenye njia za kaskazini kabisa upande huo hauwi giza kamili usiku wote. Anayetaka kulala mwezi Juni akae kulia. Anayetaka kubahatisha mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, akae kushoto, lakini safari ya majira ya baridi.

Wanaokwenda Guangzhou kupitia Addis Ababa wana hali ya pekee. Ndege inaondoka usiku na kuelekea mashariki, kwa hiyo jua linachomoza karibu mbele ya pua. Rubani ndiye anayechomwa. Kwa abiria tofauti ni ndogo, lakini ipo: Juni jua linaegemea kushoto, Desemba linaegemea kulia, basi chagua kinyume chake.

Mstari wa ngapi

Upande mzuri wenye bawa chini yake ni hasara. Mistari ya katikati inatazama bawa, na bawa jeupe likipigwa na jua linakurudishia mwanga usoni hata ukiwa hukulitazamia. Nyuma ya bawa utaona ardhi, ila hewa ya moto inayotoka kwenye injini hutikisa picha, hasa karibu na bawa; sogea nyuma zaidi. Mbele ya bawa ndipo pazuri kuliko pote, na ndipo mashirika yanapoweka viti vya bei kubwa. Uganda Airlines hutumia Airbus A330-800 kwa safari ndefu, na daraja la kawaida la ndege hiyo limepangwa viti viwili pembeni, vinne katikati, viwili pembeni. Kwa mtu wa dirishani hilo ni jambo jema, una jirani mmoja tu wa kumwamsha unapokwenda chooni. Kwenye CRJ900 za safari za kanda injini ziko mkiani, kwa hiyo wa nyuma kabisa hutazama injini na kuisikiliza.

Kuna pia viti vya "dirishani" visivyo na dirisha. Mabomba ya hewa hupita ndani ya ukuta, na mahali hapo kiwanda huziba. Kwenye Boeing 737-800 mara nyingi ni mbele kidogo ya bawa, na abiria aliyelipia hukuta ukuta wa plastiki. Ramani ya viti ya shirika mara nyingi haikuambii. Ikiwa umo tayari ndani na dirisha lako limeangukia nyuma ya bega, hakuna la kufanya ila kuegemeza kiti.

Kipazia, macho na miguu

Mwenye dirisha ndiye mwenye kipazia, lakini mamlaka yake yana mipaka. Wakati wa kuruka na kutua wahudumu huagiza vipazia vifunguliwe, ili waliomo ndani waone nje kuna nini ikiwa itabidi kutoka haraka, na macho yao yawe yamezoea mwanga wa nje. Usiku wa safari ndefu huombwa vifungwe, hata kama nje kunapendeza. Boeing 787 haina vipazia kabisa. Dirisha hutiwa giza kwa kitufe, na wahudumu wanaweza kuyatia giza madirisha yote kwa pamoja bila kukuuliza. Mtu anayesafiri kwa ajili ya kutazama nje aangalie kwanza aina ya ndege.

Kuhusu ngozi, plastiki ya dirisha huzuia karibu miale yote ya UV-B, ile inayounguza haraka, lakini UV-A hupita kwa kiasi kinachotofautiana, na angani miale hiyo ni mikali kuliko chini. Kwa saa nane upande wa jua, shusha kipazia nusu au jipake mafuta ya kujikinga. Weusi wa ngozi hupunguza madhara, hauyaondoi.

Na miguu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya kukaa saa 4 au zaidi huongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, ingawa kwa mtu mwenye afya uwezekano wenyewe ni mdogo, kama mmoja kati ya 6,000. Wa dirishani huathirika kwa sababu huona haya kuwasumbua majirani, akakaa safari nzima bila kusimama. Ukichagua dirisha, amua mapema kwamba utawasumbua.

Lililobaki ni kukipata kiti. Mashirika mengi hutoza ada ukichagua siku unayokata tiketi, kisha huruhusu kuchagua bure kwenye vilivyobaki pale usajili wa safari unapofunguliwa mtandaoni, kwa kawaida saa 24 hadi 48 kabla ya kuondoka. Dirisha la upande wa kivuli nyuma ya bawa huwa bado lipo saa hiyo, kwa kuwa wengi hugombania mistari ya mbele. Ukishakipata, fungua tena ramani ya viti asubuhi ya safari. Shirika likibadilisha aina ya ndege, kompyuta hupanga watu upya, na K yako inaweza kuwa imegeuka kiti cha katikati.